Mwenye Nyumba na Fundi: Dhamana ni ya Nani?

Katika mambo yaletayo ugomvi baina ya watu na kuvunja masikizano ya majirani, ni machache yaliyo kama ujenzi. Mtu hukaa miaka ishirini akiweka shilingi juu ya shilingi, kisha siku ya kutengeneza nyumba yake humkabidhi mtu mwengine mali ile yote kwa maneno ya barazani na kikombe cha kahawa. Miezi michache baadaye, wale wawili waliokuwa wakiitana "ndugu yangu" hawaamkiani tena mlangoni mwa msikiti. Mwenye nyumba husema ya kuwa fundi ni mwizi, na fundi husema ya kuwa mwenye nyumba ni bakhili. Na mara nyingi kila mmoja wao ana kipande cha haki mkononi mwake, na kipande cha khiyana nyuma ya mgongo wake. Basi swali lipasalo kuulizwa ni hili: kazi ikiharibika, dhamana ni ya nani?

Kwanza yapasa ijulikane ya kwamba biashara ya ujenzi haifanani na biashara nyingine. Anunuaye kitambaa hukikunjua akakitazama mwangani, na anunuaye samaki humfunua matamvua. Walakini amwajiriye fundi hununua kitu ambacho bado hakijakuwako. Na kinapokuwako, sehemu yake iliyo kubwa haionekani. Msingi umo chini ya ardhi, nondo zimo ndani ya zege, mabomba yamo ukutani, na lipu imefunika yote. Ndivyo ilivyokuwa tangu zama za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko: mwenye nyumba huona weupe wa ukuta, lakini kilicho nyuma ya weupe ule hukijua mwashi na Mola wake.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye chungu ya nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji uliofunikwa na nafaka kavu. Akamkemea mwenye mali kwa kuwa hakuweka iliyolowa juu ili watu waione. Ukuta uliopigwa lipu ni chungu ile ile ya nafaka, illa mnunuzi wa nyumba hawezi kutia mkono ndani yake. Kwa hiyo neno la fundi ndilo jicho la mwenye nyumba, na fundi asemaye uwongo amempofusha mwenziwe.

Na ichukuliwe mithali ya mtu wa Mombasa aliyestaafu kazi bandarini, akapewa kiinua mgongo chake. Alitaka mambo mawili: dari ya juu iliyokuwa ikivuja itengenezwe, na uani pajengwe birika la kuogelea, ili wajukuu wafurahi na wageni wapangao vyumba vyake waongezeke. Akawaita mafundi watatu. Wawili wa kwanza walitaja bei zilizokaribiana. Wa tatu akataja bei iliyo chini yao kwa thuluthi nzima. Mzee akamchagua huyo wa tatu, wala hakumuuliza ile thuluthi itatoka wapi. Fundi akataka arubuni ya sitini katika kila mia, akapewa siku ile ile, wala hapakuandikwa herufi moja.

Fedha zile hazikununua saruji ya mzee. Zilikwenda kumaliza nyumba ya mtu mwengine, ambaye fedha zake zilikuwa zimekwisha kumaliza nyumba ya mtu wa tatu. Hii ndiyo siri ya kazi nyingi zinazosimama nusu: fundi hana mtaji, basi kila mteja mpya humlipia mteja wa kale, mpaka siku asipopatikana mteja mpya, na hapo simu haipokewi tena. Mzee alipotoa vitisho, fundi alirudi, akafanya kwa haraka. Mchanga ukachotwa pwani kwa kuwa ni wa bure, na chumvi iliyomo hula nondo. Zege likapigwa lipu kabla halijakomaa, na hali kila fundi ajua ya kwamba hupaswa kutiwa maji siku saba kwa uchache, na kwamba nguvu zake hupimwa siku ya 28. Birika likajazwa, na kila asubuhi maji yakaonekana yamepungua.

Hapo mzee naye akatenda lake. Kwa hasira akaamrisha birika likaushwe lote, katikati ya masika, pasipo kumuuliza mtu ajuaye. Maji ya ardhini yalikuwa yamepanda, nalo birika lililo tupu husukumwa kutoka chini kama mtumbwi. Sakafu ikainuka, ikapasuka. Jumamosi ile ile vibarua wanne wakasimama langoni wakidai ujira wa wiki mbili. Fundi hakuwako. Mzee akawaambia, "Nendeni kwa aliyewaleta," akafunga mlango.

Sasa na ipimwe mizani. Makosa ya fundi ni dhahiri. Arubuni aliyoipokea ilikuwa amana ya kazi maalumu, naye akaitumia katika haja nyingine bila ya idhini ya mwenyewe. Hata kama alinuia kuirudisha, nia haigeuzi amana kuwa mkopo. Mchanga wa chumvi ni ghushi. Na kunyamaza kwake, alipojua ya kuwa lipu imewahi mno, ni kufunika iliyolowa kwa iliyo kavu.

Wanavyuoni wamekhitalifiana tangu zamani juu ya fundi ambaye kitu kimeharibika mkononi mwake bila ya kupuuza. Kuna waliosema hutoza, na imepokewa rai hiyo kwa Sayyidna Ali, kwa hoja ya kuwa watu hawatengenei ila kwa hilo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi pwani hii, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wake ni mkono wa amana, hatozwi pasipo kosa. Lakini mwanafunzi wake Rabii alisimulia ya kuwa Imamu mwenyewe, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra, alikuwa na rai hiyo walakini hakuitolea fatwa, kwa kuchelea ubaya wa mafundi. Na azingatie msomaji uzito wa khabari hii: mtu mwenye ilimu ile aliizuia ruhusa aliyoiona ni haki, kwa kujua namna itakavyotumiwa. Ama aliyepindukia mpaka au kupuuza, hakuna khitilafu: hutoza. Fundi wa mchanga wa pwani hana pa kujificha katika khitilafu ya wanavyuoni.

Wala watu hawakuanza jana kumdai mjenzi dhamana. Sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa katika jiwe yapata miaka 1750 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, zilimtaka mjenzi ambaye ukuta wake umepinda auimarishe kwa fedha yake mwenyewe. Na hii si khabari ya fedha tu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lilianguka mjini Dar es Salaam hali linajengwa, wakafa watu 36. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka katika kazi ya kuitengeneza, nao mafundi wawili wakapoteza roho zao. Kila msiba una sababu zake. Lakini yote miwili hukumbusha ya kuwa chini ya dari na pembeni mwa ukuta wamo wanaadamu.

Je, mwenye nyumba ametoka salama katika mizani hiyo? La, hasha. Bei iliyo chini kwa thuluthi ilikuwa yasema kwa sauti kubwa, naye akaziba masikio. Mafundi wawili walimwonyesha thamani ya kazi. Wa tatu alimwonyesha kile alichopenda kukisikia. Atakaye birika la mia kwa sitini na saba, hali ajua ya kuwa saruji na nondo hazipungui bei kwa sababu yake, amekwisha kumwambia fundi aibe, ila hakulitamka neno hilo. Sura ya Mutaffifin huwaonya wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Wengi huisoma wakimfikiria muuza duka na mizani yake. Walakini mnunuzi naye ana mizani, nayo ni bei anayoishikilia. Bila shaka kupatana bei ni halali, na fundi mmoja huweza kuwa rahisi kuliko mwenziwe kwa ustadi au kwa kuridhika na faida ndogo. Basi na aulizwe, na jawabu lake lieleweke. Asiyeuliza amechagua kutojua.

Kosa la pili la mzee ni kutoandika. Watu wa pwani huona haya kuandikiana, husema, "Huyu ni mtu wa kwetu, nikimletea karatasi nitamvunjia heshima." Hii ni haya isiyo mahali pake. Aya ya 282 katika Sura ya Bakara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, inahusu kuandika deni la muda na kulishuhudiza, wala watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Na aya iliyo baada yake inamtaka aliyeaminiwa atekeleze amana yake. Aya hizo mbili zimekaa bega kwa bega, wala ya kwanza haikuwa tusi kwa ya pili. Karatasi haiondoi uaminifu. Huulinda na usahaulifu, na mauti, na shetani wa siku ya hisabu. Wahenga nao walisema, mali bila daftari hupotea bila ya habari.

Tena asiyeandika sifa za kazi hupoteza hata haki ya kulalamika. Majalla, ambayo ni kanuni za dola ya Uthmani zilizotungwa baina ya mwaka 1869 na 1876, ilimpa mwenye kuagiza kitu khiyari ya kukikataa kisipolingana na sifa zilizotajwa. Lakini zisipotajwa sifa, kitapimwa kwa nini? Aliyesema "nijengee birika zuri" na aliyejibu "usijali, mzee" hawakuafikiana jambo lolote.

Limebaki jambo la vibarua wanne, nalo ndilo zito kuliko yote. Mzee alisema kweli kwamba mapatano yao yalikuwa na fundi, si naye. Na aliyekwisha kulipa kazi yote huenda kadhi asimtoze mara ya pili. Lakini mzee hakuwa amekwisha kulipa: arubaini katika kila mia ilikuwa bado mfukoni mwake. Mawe waliyoyabeba yako uani pake, na shimo walilolichimba ni shimo lake. Hawakuchagua mchanga, hawakupokea arubuni, hawakuamrisha birika likaushwe. Katika Sahihi ya Bukhari imekuja hadithi ya Kudusi yenye kuwataja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi kamili, asimpe ujira wake. Fundi ndiye wa kwanza kutetemeka kwa khabari hiyo. Walakini atakayeshikilia fedha huku watokwao na jasho wakirudi kwa watoto wao mikono mitupu, kisha akajiliwaza kwa neno la kisheria, amesimama karibu mno na kundi lile. Ilimpasa mzee awaite mashahidi wawili, awalipe vibarua katika salio la fundi, aandike, kisha agombane na fundi kwa kilichobaki. Dhulma aliyotendewa mtu na mkubwa si ruhusa ya kuishusha juu ya mdogo.

Basi njia iliyo salama ni hii. Fundi aulizwe kazi alizozimaliza, na wenye nyumba zile wasikilizwe, khasa juu ya masika ya kwanza. Ikiwa kazi ni kubwa, aonyeshe kuwa ameandikishwa: Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa sheria ya mwaka 1997, na Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kwa sheria ya mwaka 2011. Bei, vipimo, aina ya mchanga na siku za kumaliza viandikwe. Arubuni iwe ndogo, ya kununua vifaa vya kuanzia, na risiti zionekane. Malipo mengine yafuate kazi hatua kwa hatua, na nondo zitazamwe kabla ya kumiminwa zege. Kulipa kwa simu, jambo lililoenea tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, huacha maandishi yenyewe. Ujira wa vibarua utolewe kila Jumamosi mbele ya mwenye nyumba. Birika likijazwa, ndoo ya maji iwekwe juu ya ngazi yake, na alama zitiwe ndani ya ndoo na ukutani. Baada ya siku moja, maji ya birika yakishuka kuliko ya ndoo, si jua lililoyakausha, bali kuna mahali panapovuja. Hapo aitwe fundi kwa utulivu, na asiye fundi asiguse kitu.

Na fundi naye ana haki zake: alipwe siku iliyoahidiwa, asibadilishiwe kazi kila asubuhi kwa bei ile ile ya jana, wala lisizuiliwe salio lake kwa kisingizio cha ufa mdogo wa rangi. Wengi katika mafundi walioharibika waliharibiwa na wenye nyumba wasiolipa, hata wakajifunza kuchukua mbele kila wawezacho.

Basi jawabu la swali ni kwamba dhamana ya kilichofunikwa ni ya aliyekifunika, na dhamana ya bei ni ya aliyeishikilia, na ujira wa kibarua u juu ya shingo ya kila aliyenufaika na jasho lake, maadamu fedha ingalimo mkononi mwake. Asiyetaka kubeba dhamana hiyo na akae na dari yake ivujayo. Maji ya mvua kitandani ni mepesi kuliko haki ya mtu shingoni. Wallahu aalam.