Motokaa ya Kale na Amri ya Tano



Mwezi huu twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya neno moja lionekanalo kuwa dogo, nalo ni hili: Je, Mkristo aendeshaye kila siku motokaa iliyochakaa afanya vema, au afanya vibaya? Labda wengine watasema ya kuwa neno hili ni la mafundi, si la kanisa. Lakini sisi twaona ya kuwa mambo ya njiani ni mambo ya dhamiri pia, kwa maana njiani ndipo tukutanapo na jirani zetu, na wengi wao hatuwajui hata majina.

Kwanza na tuyaseme yaliyo mema. Mtu akitunzaye alichopewa, asikitupe kabla ya wakati wake, huyo amfuata Bwana wetu, ambaye baada ya kuwashibisha watu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Chuma cha motokaa kilichimbwa kwa jasho na kuyeyushwa kwa moto mwingi. Si haki kukitupa kwa sababu jirani amenunua kingine king'aacho zaidi. Tena mwenye kuridhika na motokaa yake ya zamani ajiepusha na deni, na hasa ajiepusha na ile tamaa ikatazwayo katika amri ya tisa na ya kumi. Tumewaona watu walionunua motokaa mpya kwa mkopo ili watazamwe mlangoni pa kanisa, kisha watoto wao wakakosa ada ya shule. Heshima ya namna hiyo ni ghali mno.

Wala uzee si ubovu. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, na hata leo zipo zilizopita umri wa miaka hamsini nazo zapanda milima. Zilizotunzwa zafanya kazi yake kwa uaminifu, kama mzee wa kanisa ambaye nywele zake ni nyeupe lakini neno lake ni thabiti.

Lakini motokaa hiyo hiyo yatufundisha neno la pili. Siku zile baada ya vita chuma kilikuwa haba, kwa hiyo mabati ya mwili wake yalifanywa kwa alumini, ambayo haili kutu kama chuma. Fremu yake ya chini ni ya chuma. Basi yawezekana mtu akaiona motokaa iliyopakwa rangi vizuri, mlango wafunga, taa zawaka, na huku chini fremu imeliwa na kutu hata yapenya kidole. Bwana alipowaambia Mafarisayo juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa hakuwa akisema habari za motokaa. Hata hivyo kila mwenye motokaa ya kale na ainame atazame chini yake.

Sasa hatuna budi kuungama neno letu wenyewe. Tunayo motokaa iliyotengenezwa mwaka 1989, nayo imetuchukua kwa miaka mingi katika milima ya Usambara. Tumejisifu kwayo. Tulipoulizwa mbona hatununui nyingine, tulijibu kwamba tunaitunza fedha kwa kazi iliyo bora zaidi, na watu walitusifu kuwa wenye kiasi. Siku moja fundi alifungua kikopo cha mafuta ya breki, akatuita, akasema, "Mzee, njoo uone. Mafuta haya yamekuwa meusi kama kahawa. Hayafai kuteremkia mlima." Tukamjibu, "Haya, fundi, tutakuja mwezi ujao." Mwezi ukaja, tukaenda zetu. Na mwezi wa pili vivyo hivyo.

Ndipo siku ya soko tulipokuwa tukiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Wenye kuijua njia ile wajua ilivyo: zaidi ya kilometa 30 za mteremko na kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Nyuma tulikuwa tumepakia ndizi, na juu ya ndizi wameketi akina mama wawili tuliowapa msaada wa njia. Kabla ya kufika Soni tulikanyaga breki, na mguu ukazama kama ukanyagao matope. Mbele yetu watoto wa shule walikuwa wakivuka. Tukarudisha gia mpaka ya kwanza, injini ikalia, tukavuta breki ya mkono, na motokaa ikaingia mtaroni upande wa mlima ikasimama. Hakuumia mtu. Ndizi zilimwagika njiani, na wale watoto wakaja mbio kutuokotea, wakicheka, wasijue. Sisi hatukuweza kucheka.

Sababu yake si ya ajabu. Mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani kidogo kidogo. Ndiyo maana mafundi husema yabadilishwe kila baada ya miaka kama miwili. Dereva akikanyaga breki muda mrefu mteremkoni, joto huwa kali, na yale maji huchemka yakawa mvuke. Mafuta hayakubali kubanwa, bali mvuke wakubali. Basi nguvu ya mguu yaishia katika kuubana mvuke, wala haifiki magurudumuni. Hakuna ishara kabla. Asubuhi, katika njia iliyo sawa, breki zile zile zilikuwa zikishika vizuri.

Jioni ile tulifungua Kutoka, mlango wa ishirini na moja, pale inenwapo habari za ng'ombe mwenye kupiga watu kwa pembe. Ng'ombe akiua mtu naye hakujulikana kuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikuwa na desturi hiyo tangu hapo, na mwenyewe ameonywa asimzuie, hatia ni yake pia. Tukaona ya kuwa fundi alitushuhudia, nasi hatukumfunga ng'ombe wetu. Na Kumbukumbu la Torati, katika mlango wa ishirini na mbili, humwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria hii haikumwuliza mwenye nyumba kama alikusudia mabaya. Yatosha kwamba hakuweka ukingo.

Hapa twaona jinsi tulivyodanganyika. Tulidhani twatunza fedha, kumbe twawatwika wengine gharama yetu. Faida ilikuwa yetu, na hatari ilikuwa ya watoto wa Soni ambao hawakuulizwa. Kiasi kinachonunuliwa kwa maisha ya jirani si kiasi, bali ni namna ya wizi. Na kwa kuwa kinachoibwa ni usalama wa mwili wake, twaingia katika amri ya tano. Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alifundisha ya kuwa amri hiyo haitimizwi kwa kutoua tu. Yatupasa pia kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Basi kubadili mafuta ya breki ni tendo la upendo, ingawa hakuna aliimbiaye kanisani.

Wazee wamesema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Mwenye motokaa kuukuu apenda sana neno hili: naijua, nimeizoea, najua ikivuta kushoto, najua taa ile haiwaki. Ni kweli, zimwi latujua sisi. Lakini yule atembeaye kwa miguu gizani halijui zimwi letu, wala lenyewe halimjui yeye. Kuzoea kosa si kulitengeneza.

Hata hivyo, twasikia sauti ya ndugu mmoja akisema, "Ninyi mwanena kwa urahisi. Kijijini kwetu iko motokaa moja tu. Usiku mama mwenye uchungu wa kuzaa hupelekwa hospitali kwa hiyo. Nikiiweka chini mpaka nipate fedha ya breki, na mama akafa, damu yake itakuwa juu ya nani?" Ndugu, swali lako ni zito, wala hatutalijibu kwa maneno mepesi. Twasema hivi: usiku wa dharura, nenda, lakini nenda pole pole, kwa gia ya chini, na uwaambie unaowachukua hali ilivyo, ili wachague wakijua. Ila usiufanye usiku mmoja wa lazima kuwa udhuru wa mwaka mzima. Mgonjwa hapelekwi kila siku. Ndizi zapelekwa kila siku.

Tena neno hili si lako peke yako. Katika amri ya saba twafundishwa pia kumsaidia jirani aitunze mali yake. Usharika uombao motokaa ya ndugu kwa msiba, kwa arusi na kwa mgonjwa, kisha ukamwachia peke yake gharama ya matairi, unashiriki katika hatia yake. Sadaka ndogo ya wote yaweza kununua breki za mmoja, na kwa hizo wote wakapona. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta waweza kuwa kaburi.

Serikali nazo zimejaribu kutuongoza. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa motokaa iliyopita miaka minane, na Uganda mwaka 2018 ilikataza kuingiza zilizofikia miaka kumi na mitano. Sheria hizo zina faida yake, lakini zahesabu miaka tu. Motokaa ya miaka mitano iliyopuuzwa yaua kama ya miaka arobaini. Kuipima dhamiri ya mwenye usukani si kazi ya forodha.

Basi jibu letu ni hili. Endesha motokaa yako ya kale bila haya, wala usimwonee wivu mwenye mpya. Lakini kila fundi akuambiapo neno juu ya breki, usukani au matairi, lipokee kama shahidi aliyesimama mlangoni. Kama huwezi kuitengeneza leo, iweke leo. Na kama hujui la kutenda, jiulize: je, ningekubali mtoto wangu avuke njia mbele ya motokaa hii, nami si dereva?

Yetu imetengenezwa. Bado ni ya mwaka 1989, na rangi yake imepauka. Tupitapo Soni, wale watoto hutupungia mkono, nasi hupunguza mwendo.

Bwana awalinde mtokapo na mwingiapo. Amina.