MTOTO WA MAMA MFANYAKAZI ANACHUNGWA NA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu waislamu, ninaiusia nafsi yangu pamoja na ninyi tumche Mwenyezi Mungu, na tuichunge amana ya watoto wachanga.

Hapa kwetu Katanga wamama wengi wanatoka asubuhi mapema kutafuta chakula: huyu sokoni, huyu shambani, huyu ofisini. Usiwalaumu. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara, na mali yake iliisaidia dini hii. Uliza hivi: mtoto amebaki na nani?

Mara nyingi amebaki na dada yake wa miaka 8 au 9. Mtoto yuko mgongoni, daftari liko chini ya kitanda. Hapo watoto wawili wamepunjwa pamoja: mdogo amekosa mlezi, mkubwa amekosa masomo.

Sikilizeni habari ya Sayyidna Umar (R.A.), khalifa wa pili. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alikuwa akilinda msafara wa wafanyabiashara uliofika Madina. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Yule mama, asiyejua anaongea na nani, akaeleza kwamba anamwachisha ziwa kwa haraka, kwa sababu Umar hutoa posho kwa mtoto aliyekwisha kuacha ziwa tu. Umar aliswalisha alfajiri akilia. Kisha akatangaza katika miji yote: posho itatolewa tangu mtoto anapozaliwa.

Oneni, ndugu zangu. Hakuishia kumkemea mama. Alitengeneza sheria yake mwenyewe.

Na sisi? Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mama aliyeajiriwa mapumziko ya uzazi ya majuma 14, na akirudi kazini, nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Ni jambo jema. Lakini mama anayeuza nyanya hana mwajiri. Na shule ya maternele inapokea mtoto wa miaka 3. Hiyo miaka ya katikati, mzigo ni wa nani?

Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili, akamwekea baba chakula na mavazi, akakataza mzazi kudhuriwa kwa ajili ya mtoto wake, akaruhusu pia mlezi wa kunyonyesha, mradi alipwe kwa wema. Mtume wetu mwenyewe alilelewa na Bibi Halima. Basi kumpeleka mtoto kwa mlezi mwaminifu si aibu.

Kwa hiyo, wewe baba, toa franga za mlezi, na binti yako arudi masomoni. Sisi jamaa wa msikiti, tutafute chumba kimoja karibu na soko, mikeka, maji safi, uji, na wamama wawili waaminifu wenye mshahara. Na viongozi wetu tuwaombe kwa adabu, bila kuchoka: panapojengwa soko, pajengwe na kreshi.

Ee Mola wetu, walinde watoto wetu, uwape nguvu mama zao. Ninasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Amina.