Kikombe cha Samunge na Kidonge cha Vitamini

Machi 2011, foleni ya magari ya kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, ilihesabiwa kwa kilomita. Kulikuwa na waliopita Mto wa Mbu wakalifuata vumbi la Ziwa Natron, na kulikuwa na waliopanda Karatu, wakaiacha nyuma Ganako na mashamba ya ngwara na mbaazi, wakaingia lango la Lodoare kuelekea Serengeti. Mwisho wa safari alikuwapo mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilikuwa imekwisha kumwita Babu. Alitoa kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa na mugariga, mti ambao Wamaasai wanauita olamuriaki, kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni. Magonjwa aliyoyataja ni yale yanayomkalia mtu maisha yake yote: UKIMWI, kisukari, pumu, shinikizo la damu, saratani.

Vyombo vya habari viliripoti kuwa watu 52 walikufa njiani au wakiwa kwenye foleni. Mawaziri walikwenda wakanywa. Askofu Thomas Laizer, aliyekuwa kiongozi wa Walutheri wa Arusha, alimtetea Babu hadharani. Wataalamu wa serikali waliichunguza dawa wakasema haina madhara kwa kiwango kile, jambo lililosikika masikioni mwa wengi kana kwamba wamesema inaponya. Wako waliorudi nyumbani wakaacha dawa za kufubaza VVU.

Miaka imepita, barabara imetulia, lakini swali la foleni ile halijaondoka. Limehamia mahali padogo zaidi, ndani ya mkoba wa mgonjwa wa saratani. Mtu wa Ganako akiandikiwa rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, zaidi ya kilomita 200, au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ndugu hawamwachi aende mikono mitupu. Mmoja atamletea asali, mwingine mafuta ya upako, mwingine kopo la dawa lishe lililogharimu gunia zima la mahindi. Juu ya kopo pameandikwa vitamini A, C na E, zinki, seleniamu. Hapo ndipo panapotaka kufikiriwa. Mtu anayeongeza kitu juu ya tiba aliyopewa anaongeza nini hasa? Afya? Imani? Au anatafuta pa kushika tu, kwa kuwa mikono imechoka kukaa bure?

Saratani ya kibofu cha mkojo inafaa kuulizia swali hili kuliko nyingine nyingi, kwa sababu vitamini zimejaribiwa kwa wagonjwa wake na majibu yakapatikana. Duniani kote kisababishi chake kikuu ni sigara. Kwa Afrika Mashariki kuna kingine, nacho ni kichocho cha mkojo, kinachojulikana vizuri Kanda ya Ziwa, Unguja na Pemba. Mtoto anaoga bwawani au anachota maji, vijidudu vilivyotoka kwa konokono vinapenya ngozi yake, minyoo inakua, na mayai yake yananasa kwenye ukuta wa kibofu. Miaka inapita, kidonda kinajirudiarudia, na kwa baadhi ya watu hugeuka saratani. Kuna sehemu ambako mvulana kukojoa damu kulihesabiwa kuwa dalili ya kupevuka. Dawa ya prazikwanteli, inayogawiwa mashuleni, inaua minyoo hiyo, na kwa hiyo ni kinga ya saratani ambayo hakuna kopo la vitamini linaloikaribia.

Tiba yenyewe nayo ina historia ya kushangaza. Kovu dogo walilonalo Watanzania wengi begani ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu iliyotengenezwa na Albert Calmette na Camille Guérin huko Ufaransa na kupewa mtoto kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales na wenzake nchini Kanada walichapisha taarifa ya wagonjwa tisa ambao BCG hiyo hiyo ilitiwa ndani ya kibofu chao kwa mpira, mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Bakteria waliodhoofishwa huiamsha kinga ya mwili, nayo ikishaamka huishambulia saratani iliyo bado kwenye utando wa juu. Ukiisikia habari hiyo bila kuambiwa imetoka wapi, kumtia mtu vijidudu vya kifua kikuu kwenye kibofu ili apone saratani, utaiona haina tofauti na ndoto ya Samunge. Tofauti ilitokea baadaye: ilijaribiwa tena na tena, na watu wengine, mahali pengine, na ikasimama.

Vitamini ziliingia kwa mlango huo huo. Mwaka 1994 daktari Donald Lamm na wenzake nchini Marekani waliwachukua wagonjwa 65 waliokuwa wakitibiwa kibofu kwa BCG. Kundi moja lilipewa vitamini za kiwango cha kawaida, jingine dozi kubwa sana: vitamini A yuniti 40,000 kwa siku, vitamini C miligramu 2,000, vitamini E yuniti 400, pamoja na vitamini B6 na zinki. Kwa makadirio ya miaka 5, uvimbe ulirudi kwa asilimia 91 ya kundi la kwanza na asilimia 41 tu ya kundi la pili. Hizo ni takwimu za kumfanya mtu auze mbuzi.

Wauzaji wengi hufunga daftari hapo. Lakini mwaka 2010 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa 670, wote wakitibiwa kwa BCG, baadhi kwa dozi kubwa za vitamini na baadhi kwa dozi ya kawaida. Tofauti haikuonekana. Kisha wagonjwa 270 wa saratani ya kibofu nchini Uingereza walipewa seleniamu, vitamini E, vyote viwili au kidonge kitupu. Seleniamu haikuzuia uvimbe kurudi, na kwa waliotumia vitamini E uvimbe ulielekea kurudi zaidi. Mwaka ule ule wa foleni ya Samunge, 2011, yalitangazwa matokeo ya wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani na Kanada waliofuatiliwa kwa miaka: waliokunywa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wasiokunywa. Foleni ya vidonge katika nchi tajiri ilikuwa ndefu kuliko ya Loliondo, ila haikutimua vumbi.

Kwa hiyo asione mtu kuwa kiu hii ni ya watu wa vijijini, au ya waliokosa shule. Linus Pauling, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mara mbili, ya kemia mwaka 1954 na ya amani mwaka 1962, aliamini kwamba vitamini C kwa wingi huwaongezea maisha wagonjwa wa saratani. Kliniki ya Mayo ilijaribu mara mbili, mwaka 1979 na mwaka 1985, bila kuona faida hiyo, na Pauling hakukubali. Mchungaji wa Samunge alishuhudia ndoto, mwanakemia alishuhudia hesabu zake, na wote wawili waliwapenda wagonjwa. Upendo huo ni wa kweli na unastahili heshima. Ila ukweli wa upendo wa mtoaji haugeuki kuwa ukweli wa dawa.

Kiswahili chenyewe kinamsaidia mtu kuona mpaka ulipo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 inazungumzia tiba asili na tiba mbadala, na neno mbadala limezoeleka kwenye mabango hadi halisikiki tena. Mbadala ni kitu kinachokaa mahali pa kingine, na ili kikae, cha kwanza lazima kiondoke. Nyongeza haiondoi kitu. Nyongeza ni chumvi kwenye mboga iliyokwisha kuiva. Aliyeacha dawa za VVU baada ya kikombe alifanya badala, hata kama moyoni alidhani ameongeza. Na mgonjwa wa kibofu anayeahirisha upasuaji miezi mitatu ili kwanza "ajenge kinga" kwa vidonge naye amefanya badala, kwa sababu uvimbe haukuahirisha chochote.

Wahubiri wanaotaka kumtisha muumini asiende hospitali humtaja mfalme Asa, ambaye katika kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati analaumiwa kwa kuwatafuta waganga katika ugonjwa wake bila kumtafuta Mungu. Husahau kumtaja mfalme Hezekia. Huyo aliugua akawa katika hatari ya kufa, akaomba, akaahidiwa kupona, na nabii Isaya, akiwa na ahadi ya Mungu tayari, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maandiko hayasemi ni kipi kilichoponya, sala au tini. Yameviweka pamoja na kuendelea na safari. Waislamu wa Karatu nao wana mafundisho ya Mtume kuhusu mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia au amtegemee Mungu, akaambiwa afunge kisha ategemee. Hakuna dini kati ya hizi inayomwona mgonjwa mwenye dawa mkononi kuwa amepungukiwa imani.

Mzee Mwasapile mwenyewe alipougua alipelekwa kituo cha afya cha Digodigo, na huko alifariki tarehe 30 Julai 2021. Hakuna aibu katika hilo, wala wasimcheke waliokuwa wakimpinga. Mtu wa Mungu aliyepelekwa kwa daktari ni Hezekia mwingine.

Lipo gumu zaidi. Babu alisema dawa yake haifanyi kazi ila ikitolewa na mkono wake, hapo Samunge. Maneno hayo yaliiweka mbali na maabara. Mugariga ungeweza kuchemshwa na kupimwa, lakini ahadi haikuwa ndani ya mugariga. Je, ni haki kuitaka imani ipimwe? Ikibaki imani tupu, pengine si haki, kwa maana hakuna mizani ya kupimia sala. Lakini mtu akitaja ugonjwa kwa jina na kusema utaondoka, amekwisha kutoka kwenye sala na kuingia kwenye ahadi, na aliyeahidiwa ana haki ya kuuliza wangapi walipona. Kuuliza hivyo ni kumheshimu aliyetoka Mwanza na mama yake mgonjwa nyuma ya lori.

Kuna mahali ambapo nyongeza ni wajibu kabisa. Mgonjwa aliyeondolewa kibofu na kutengenezewa njia mpya ya mkojo kwa kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba anaweza, miaka kadhaa baadaye, kupungukiwa vitamini B12, kwa kuwa sehemu hiyo ya utumbo ndiyo inayoifyonza. Asipopimwa na kuchomwa sindano ya B12, damu hupungua na miguu hufa ganzi. Aliyedhoofika hata kula kunamshinda naye anahitaji lishe ya kusimamiwa: uji, maziwa, mayai, mnafu, maharage, na kidonge pale vipimo vinapokidai. Vitamini hapa ni tiba yenye sababu. Lakini vitamini A ile ya yuniti 40,000 ya jaribio la Lamm ni mara nne ya kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima kwa siku. Ikiendelea huumiza ini. Neno "asili" kwenye kopo haliliambii ini lolote.

Jambo linalotisha kuliko vidonge vyenyewe ni kimya. Mgonjwa humficha daktari kopo lake kwa sababu mara ya mwisho alipolitaja alikaripiwa, au alichekwa. Daktari naye hujaza fomu bila kujua kuwa mtu anayemwandalia mionzi anakunywa dozi kubwa za vitamini C na E, ambazo madaktari wengi wa saratani huomba zisimamishwe wakati wa mionzi, wakihofia kuwa zinaweza kuzikinga seli zile zile zinazokusudiwa kufa. Wote wawili wana nia njema, na kati yao kuna siri inayoweza kuua.

Wairaqw, wenyeji wa Ganako na vilima vya jirani, wana desturi ya slufay. Mzee husimama mbele ya watu na kumwomba Mungu, Looaa, ambaye jadi yao humtaja kama mama, na waliokusanyika huitikia kila tamko. Mvua, watoto, mifugo na afya huombwa kwa sauti, na jamii nzima inasikia kilichoombwa. Wengi wao leo ni Wakristo, lakini adabu hiyo ya kutoficha haja ingefaa sana ndani ya chumba cha daktari. Na daktari angefaa kuitikia kwanza kabla ya kukosoa.

Anayekojoa damu, hata mara moja, hata bila maumivu, aende kupimwa wiki hiyo hiyo. Na aliyekwisha kuanza tiba ya kibofu alitoe kopo lake la vitamini mkobani, alipeleke kliniki, aliweke mezani mbele ya daktari, kabla ya kumeza kidonge kinachofuata.