TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 16: YAHYA NA YAHAYA 🌙



Ndugu zangu, jana usiku kwenye tarawehe imamu wetu alifika juzuu ya 16, tukaingia Surat Maryam. Pale mwanzo kuna kisa cha Nabii Zakariya, alayhi salaam. Mzee, mifupa imedhoofika, kichwa chote mvi, mke hazai. Akamwomba Mola wake kwa siri. Akabashiriwa mtoto wa kiume, na jina akapewa kabisa: Yahya. Aya ya 7 inatuambia kuwa kabla yake hakuna aliyepewa jina hilo.

Leo ita "Yahya!" sokoni uone vichwa vingapi vitageuka. Hata Imamu Nawawi, mwenye Riyadhu Swalihina tunayosomeshwa misikitini, jina lake ni Yahya, na kunya yake Abu Zakariya. Jina lililoanza na mtu mmoja limeenea dunia nzima, na kila lilipofika watu wamelitamka kwa ulimi wao. Kwa Kiarabu ile "ha" hutoka kooni na ina sukuni. Kiswahili chetu kinapenda silabi iishie kwenye irabu, ndiyo maana wengi husema Yahaya, kama Fatma alivyokuwa Fatuma na Rajab akawa Rajabu.

Sasa nina jambo la kukiri.

Mwanangu anaitwa Yahya. Siku ya akika yake, miaka minne iliyopita, baba yangu alikuja kutoka kijijini. Akampakata mjukuu, akasema, "Karibu, Yahaya." Mimi, mbele ya wageni, nikamkata: "Baba, si Yahaya. Ni Yahya. Hiyo 'ha' itoe kooni." Akajaribu mara mbili, hakuweza. Wengine wakacheka, na mimi nikacheka.

Tangu siku ile mzee hajawahi kumwita mtoto kwa jina. Akipiga simu anauliza, "Mjukuu wangu hajambo?" Basi. Nami nilidhani ni mazoea tu ya wazee.

Jana imamu akafika aya ya 14, inayotaja sifa za Yahya: alikuwa mwema kwa wazazi wake, wala hakuwa jeuri. Wallahi miguu iliniishia nguvu. Nilishughulika na herufi ya jina, na siku ile ile nikakosa adabu ambayo mwenye jina anasifiwa nayo. Na niliyemkosea ndiye aliyenishika mkono kunipeleka madrasa. Hiyo "ha" ninayojivunia, ada yake ilitoka kwenye jembe lake.

Tuelewane jamani. Kwenye kusoma Qur'ani tujifunze makharija, tusione uvivu. Na jina lenye maana mbaya libadilishwe: Mtume ﷺ alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, akamwita Jamila. Lakini mzee anayemwita mjukuu kwa mapenzi, kwa ulimi aliojaaliwa na Mola wake, hajaharibu kitu. Surat Hujurat inatukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kuumiza. Kumcheka mtu kwa namna anavyotamka kuna umbali gani na hapo?

Na sisi tunaotafuta majina siku hizi, tunauliza mno kama ni jina jipya, kama linasikika vizuri, kama mtaani hakuna mwingine. Tujiulize pia: mtoto huyu ataona nini kwangu kinachofanana na jina nililompa?

Leo baada ya daku nilimpigia baba simu. Nikamwambia, "Baba, nisamehe kwa ile siku ya akika. Mwite mjukuu wako unavyoweza." Akanyamaza kidogo. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Hebu mpe simu huyo Yahaya."

Mtoto alikuwa usingizini. Nilimwamsha.

📌 Kazi ya leo: kabla ya futari, mkumbuke mzazi au mzee uliyewahi kumsahihisha kwa kumwaibisha. Mpigie, au mfuate alipo. Kama ametangulia mbele ya haki, mwombee dua na umtolee sadaka.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wema kwa wazazi wetu, wape watoto wetu majina mema na tabia zinazoendana nayo, na utukubalie funga zetu. Amin.

Mfikishie na mwenzako. Tukutane kesho in shaa Allah.