Bustani au Maandalizi?

Zanzibar twaiita skuli ya maandalizi. Friedrich Froebel, aliyefungua yake mwaka 1837 huko Bad Blankenburg, Ujerumani, aliiita mwaka 1840 bustani ya watoto. Majina haya mawili yanabishana: je, utoto ni njia ya kuuendea utu uzima, au wenyewe ni maisha?

Methali yetu yasema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini samaki huyo ni mfu. Mtoto yu hai.

Froebel alimkabidhi mtoto mpira wa sufu na vipande vya mbao. Madrasa za awali zilizoanza Mombasa katika miaka ya 1980 zikatumia vifuu na makombe ya pwani. Mtoto apangaye vifuu kwa ukubwa hajui kwamba anajifunza hesabu; mwalimu ajua. Je, huku si kumhadaa? La. Hadaa humnyima mtu akitakacho. Mchezo humpa mtoto akitakacho, na hesabu ikafuatana nacho. Hadaa huingia pale mwalimu aukatishapo mchezo punde tu somo lipatikanapo. Hapo furaha imegeuzwa chambo.

Basi na tupime kwa mizani nzito zaidi. Mtoto aliyefariki akiwa na miaka mitano, tuseme aliishi maandalizi matupu? Nafsi yakataa. Asubuhi aliyopanga vifuu vyake, akacheka vilipoporomoka, akavipanga tena, haikuwa deni la kesho. Ilikuwa asubuhi yake, imetimia.

Mwalimu alijuaye hili huandaa, na bado hungoja mchezo uishe.