NANI ATAVUTA KAMBA?

Tafadhali usiitupe karatasi hii. Ikunje, itie mfukoni, ukaisome nyumbani ukiwa umetulia. Neno lililomo ni zito, tena linakuhusu hata kama hujawahi kukanyaga mlango wa mahakama.

Nakuuliza swali: Mtu aliyeua mwenzake, je, ni haki serikali nayo imuue?

Najua wengi mmeshajibu. Redio ikitangaza kwamba mama mmoja kauawa na majambazi, watu kwenye basi wanasema kwa sauti moja: "Anyongwe!" Kwenye foleni ya maji wanasema anyongwe. Hata wapendwa waliookoka, wakitoka kwenye ibada, wanasema anyongwe tu, tena upesi.

Haya. Sasa nina swali la pili, na hili watu hawalipendi: Nani atavuta kamba? Wewe? Mwanao? Mzee wa kanisa lako? Ukiitwa kesho asubuhi gerezani, ukapewa mkono wa ile mashine inayofungua sakafu chini ya miguu ya mtu, utakwenda?

SHERIA YA MUSA ILITAKA MKONO WAKO

Wanaotetea kitanzi wanasema Biblia iko upande wao. Tuwe wakweli, maandiko wanayo. Katika Mwanzo 9:6 Mungu anamwambia Nuhu kwamba amwagaye damu ya mwanadamu, damu yake nayo itamwagwa na mwanadamu. Katika Warumi 13:4 Paulo anasema mtawala anabeba upanga, wala haubebi kwa mchezo. Mimi sina kifutio cha kuyafuta hayo, wala sikitaki.

Lakini ndugu yangu, ukisoma mstari mmoja, soma na mwenzake. Fungua Kumbukumbu la Torati 17:6-7. Hapo unakuta mambo mawili. La kwanza, mtu hauawi kwa neno la shahidi mmoja. La pili, ule mkono wa kwanza kurusha jiwe uwe wa shahidi mwenyewe. Umeona hekima ya Mungu? Ukisema "yule kaua", haya, chukua jiwe uanze wewe. Ulimi wako na mkono wako vinafungwa pamoja. Mtu akijua hivyo atafikiri mara mbili kabla ya kusema.

Tena soma Hesabu 35:31. Pale Mungu anakataza kupokea fedha ili kumwokoa muuaji asife. Maana yake tajiri na maskini wasimame sawa mbele ya hukumu. Je, leo wanasimama sawa? Mwenye pesa anakwenda na wakili tangu polisi. Asiye na kitu, yupo anayeonana na wakili wake siku ya kesi. Wanaotaka upanga wa Agano la Kale wauchukue pamoja na masharti yake. Huwezi kuchukua jiwe ukaacha sheria inayokuambia nani alirushe.

SISI TUMEUFICHA MKONO

Hebu tuangalie kwetu Tanzania jambo hili linavyokwenda. Kanuni ya Adhabu tumeirithi kwa Mwingereza. Kifungu cha 197 kiliandikwa hivi kwamba mtu akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, adhabu ni kifo, basi. Jaji hakuachiwa nafasi ya kupima. Aliyeua kwa ujambazi miaka kumi mfululizo, na mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi mpaka siku moja akashika panga, wakitiwa hatiani kwa kosa hilo wote kamba ni moja.

Sasa fuata ile njia. Shahidi anasema: "Mimi nimeeleza niliyoyaona tu." Polisi anasema: "Mimi nimepeleleza tu." Jaji anasema: "Mimi nimefuata sheria tu." Mbunge anasema: "Sheria niliikuta." Mnyongaji anasema: "Mimi nimetumwa." Na wananchi wanasema: "Hayo ni mambo ya serikali." Jamani, mtu kafa, na hakuna aliyemuua! Kila mmoja kanawa mikono. Pilato naye aliomba maji (Mathayo 27:24), lakini maji yale hayakumwondoa katika habari ile mpaka leo.

Yupo mmoja ambaye hawezi kunawa, naye ni Rais, maana bila yeye mtu hanyongwi. Na tazama kilichotokea. Mara ya mwisho mtu kunyongwa Tanzania ilikuwa mwaka 1994. Tangu hapo amekuja Mkapa, akaja Kikwete, akaja Magufuli, akaja Mama Samia, na mpaka ninapoandika haya hakuna aliyepelekwa kitanzini. Mwaka 2017, siku ya kumwapisha Jaji Mkuu, Rais Magufuli alisema mbele ya watu wote kwamba asipelekewe orodha ya watu wa kunyonga, maana anajua ugumu wake. Na huyu hakuwa mtu wa kuogopa maamuzi magumu! Lakini kalamu ilipofika kwenye roho ya mtu, ilikuwa nzito.

Basi ninauliza: kama mkubwa wa nchi anaona mzigo huu ni mzito, kwa nini sisi tunaoshangilia kwenye basi tunauona mwepesi? Ni kwa sababu haumo mkononi mwetu.

MAHAKAMA IMEKUTAJA WEWE

Mwaka huohuo wa 1994, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba ya nchi. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikatoa jibu, na jibu lenyewe ni la ajabu, lisome polepole. Majaji walikubali kwamba adhabu hii ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu. Lakini wakasema Katiba inaruhusu sheria ya namna hiyo kwa ajili ya manufaa ya umma, na kwamba ni jamii yenyewe itakayoamua kama inaihitaji au haiihitaji.

Umma ni nani? Jamii ni nani? Ni wewe uliyeshika karatasi hii! Mahakama imesema: kamba hii ipo kwa ajili yako. Usiseme tena ni mambo ya serikali. Mzigo umerudishwa mlangoni kwako, na jina lako limeandikwa juu yake.

Na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo palepale Arusha, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, ilisema kwamba kumlazimisha Jaji atoe hukumu ya kifo bila kumwacha apime ni kuvunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu wa mtu. Nchi ikaamriwa irekebishe sheria yake. Kenya nao, mwaka 2017, Mahakama ya Juu yao ilisema hukumu ya kifo ya lazima ni kinyume cha Katiba. Taa zinawashwa kila upande. Sisi waombaji tusiwe wa mwisho kuamka.

KAMBA HAIRUDI NYUMA

Mtu atasema, "Lakini mahakama imethibitisha!" Sikiliza habari hii ya majirani zetu. Uganda, mwaka 1982, mtu mmoja aitwaye Edward Mpagi alihukumiwa kifo pamoja na binamu yake kwa kumuua mtu. Mashahidi walikuwepo, hukumu ikasomwa, wakapelekwa gereza la Luzira. Kumbe yule aliyesemekana ameuawa alikuwa hai! Ndiyo, hai, anatembea, anakula. Binamu yake Mpagi alifia gerezani mwaka 1985. Mpagi mwenyewe alikaa akisikia wenzake wakichukuliwa. Mwaka 1999 watu 28 walinyongwa katika gereza hilohilo. Yeye aliachiliwa mwaka 2000.

Sasa niambie, kama kamba ingemfikia mwaka 1999, nani angemrudishia shingo yake? Aliyefungwa kwa makosa unaweza kumfungulia mlango, ukamwomba radhi, ukamlipa kidogo. Aliyenyongwa hata ukimwomba radhi, hasikii.

Na tusisahau Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga makumi ya wazee na wapiganaji wa Kingoni kwa ajili ya Vita vya Majimaji. Siku ile serikali iliwaita wahalifu. Leo pale Songea pana makumbusho, na kila Februari tunakwenda kuwaheshimu kama mashujaa. Watu ni walewale, ila serikali imebadilika. Mwanadamu anayehukumu leo hivi na kesho vile, ashike adhabu anayoweza kuifungua.

NA DAMU YA ALIYEUAWA JE?

Hapa nataka ninyamaze kidogo, maana yupo anayesoma hapa na machozi. Baba yako walimkata mapanga. Mdogo wako walimpiga risasi kwa ajili ya duka. Unasema, "Mhubiri, wewe hujafiwa. Unamtetea muuaji."

Hapana, dada yangu. Hapana, kaka yangu. Damu inalia, na Mungu anaisikia. Damu ya Habili ilipolia kutoka ardhini, Mungu hakusema yaishe. Alimwita Kaini, akamuuliza, akamhukumu, akamfukuza mbele ya uso wake. Lakini angalia Mwanzo 4:15. Mungu, ambaye hakuhitaji shahidi kwa sababu aliona mwenyewe, alimtia Kaini alama ili mtu yeyote asimuue. Adhabu ilikuwepo, na ilikuwa kali. Kaini mwenyewe alilia kwamba imemzidi. Ila roho yake Mungu aliiacha.

Kwa hiyo muuaji afungwe, tena ikibidi afungwe maisha, asirudi mtaani kututishia watoto. Hiyo ni kazi ya mtawala na tumwombee aifanye. Lakini mjane akirudi kutoka mahakamani, kitanzi kitamlimia shamba? Kitalipa ada ya watoto? Wale wanaopiga kelele "anyongwe", wiki ya pili hawaonekani tena pale msibani. Ukitaka kuiheshimu damu ya marehemu, nenda kwa mjane wake na debe la mahindi.

Au unadhani hasara yako ni kubwa mno, haiwezi kukaa bila kamba? Angalia Rwanda. Mwaka 1994 watu mamia ya maelfu waliuawa kwa miezi mitatu tu. Mwaka 1998 watu 22 waliotiwa hatiani walipigwa risasi hadharani, umati ukitazama. Na nchi hiyohiyo, iliyofiwa kuliko sisi wote, mwaka 2007 iliifuta adhabu ya kifo. Zilikuwepo sababu za kiserikali, maana nchi nyingine zilikataa kuwatoa watuhumiwa waende mahali penye hukumu ya kifo. Sawa. Lakini waliifuta, na hawakuwaachia wauaji. Waliwafunga. Kama wao waliweza, sisi tunashindwaje?

Mwingine anasema, "Anyongwe, akitubu ataonana na Bwana, kama yule mnyang'anyi wa msalabani." Ndugu, yule alisema mwenyewe juu ya nafsi yake kwamba anastahili. Na wewe nani kakupa saa ya Mungu, upange siku ya mtu kutubu iishe Jumanne saa kumi na mbili asubuhi? Musa aliua Mmisri akamficha mchangani (Kutoka 2:12). Angenyongwa wiki ile, nani angesimama mbele ya Farao?

USIWE MTUNZA NGUO

Namaliza. Siku Stefano alipouawa kwa mawe, alikuwepo kijana mmoja jina lake Sauli. Hatusomi kwamba alirusha jiwe. Alikaa pembeni, wenye mawe wakaweka nguo zao miguuni pake (Matendo 7:58). Mikono yake ilionekana safi. Lakini miaka mingi baadaye, akiwa ameitwa Paulo, aliikumbuka siku ile mbele za Mungu, akasema kwamba naye alikuwepo, akiridhika, akitunza nguo za waliomuua (Matendo 22:20). Hakusema "mimi nilikuwa mtazamaji". Aliihesabu damu ile.

Mpendwa, sisi tuliopo kwenye basi, kwenye foleni, na kwenye mabenchi ya kanisa, ndio watunza nguo. Wengine wanarusha, sisi tunaridhika.

Kwa hiyo nakusihi ufanye mambo matatu. Moja, leo ukisikia "anyongwe", uliza kwa upole: "Utavuta wewe?" Kisha nyamaza, uone. Mbili, mbunge wako akija kuomba kura, muulize kuhusu kifungu cha 197, kama unavyomuuliza kuhusu barabara na zahanati. Tatu, waombee kwa majina familia ya aliyeuawa, na mwombee aliyeua, wote wawili, katika sala moja. Ukishindwa kuwaweka katika sala moja, endelea kuomba mpaka uweze.

Na mkono wako ambao hungependa kuutia kwenye kamba ile, usimkopeshe mtu mwingine aitie kwa niaba yako.

Mungu akubariki. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.