Mhusika Amekataa, Nawe Wakawia!

Ndugu mwandishi, ukurasa wenyewe unaujua! Usigeuke kutazama aliye nyuma yako, nasema na wewe. Ni pale mhusika wako aliposimama. Ukamsukuma, akakataa. Ukamsukuma tena, akakataa. Mwisho ukaandika kwa mabavu kwamba amekubali, na tangu siku ile mswada umepoa.

Tangu siku ile unafanya nini? Unahamisha koma. Unabadilisha jina la kijiji. Unawaambia watu kitabu kinakaribia kwisha. Kinakaribia kufa!

Simama hapo! Funga muhtasari wako, fungua sura za mwanzo, soma ulichokiandika kwa mkono wako mwenyewe.

Tumwite Zuhura, mhusika wako huyo. Katika sura ya pili ulimwandika kuwa mwanamke asiyerudisha bakuli la jirani tupu. Akiletewa futari, bakuli hurudi na tambi. Akiletewa tambi, hurudi na maembe. Siku akiwa hana kitu, huliosha, hulikausha, hulifunikia kawa, likakaa kwake siku tatu mpaka apate cha kutia, na siku zote tatu hapiti mbele ya mlango wa jirani. Vizuri mno! Hapo ulikuwa mwandishi. Hukuwa umepanga lolote. Mkono ulikwenda, mwanamke akaja.

Sasa umefika sura ya 11, na kwa kuwa muhtasari unadai harusi, unamtaka apokee nyumba, gari na mkufu wa dhahabu kwa mwanamume ambaye Zuhura hana cha kumrudishia. Apokee, ashukuru, ahamie! Hatahamia! Aliyejificha kwa deni la tambi ndiye leo alale fofofo katika nyumba ya bure? Ulipoandika kwamba Zuhura alitabasamu, ulijua hakutabasamu. Ulijua, ukaweka nukta, ukaendelea.

Sikuhubirii uchawi. Mhusika hana damu, hana pumzi, hana sauti ila ile uliyompa. Basi kumbe anayekukatalia ni nani? Ni maneno yako ya jana yanayoukataa uongo wako wa leo! Kila tendo ulilomtendesha ni ahadi kwa msomaji, na ahadi zikishakuwa nyingi wewe si bwana wa kitabu tena, umekuwa mdaiwa. Lipa!

Mtazame Tolstoy. Mwaka 1876 riwaya yake ya Anna Karenina ilikuwa ikitoka sehemu kwa sehemu katika jarida la Urusi, na yeye alikuwa akisahihisha sura inayomhusu Vronsky, mpenzi wa Anna. Anna yu taabani baada ya kujifungua, wote wanadhani anakufa. Mume aliyesalitiwa anamkuta Vronsky palepale nyumbani. Hampigi. Hamtukani. Anasamehe, na kumpa mkono! Vronsky, afisa wa jeshi, mtu wa kiburi na wa taratibu zake, anarudi nyumbani akiwa hajui auweke wapi uso wake.

Hapo, kama Tolstoy alivyomwandikia rafiki yake Strakhov mwezi Aprili mwaka uleule, bila yeye kutazamia hata kidogo, Vronsky akaanza kujipiga risasi.

Soma tena! Mtunzi wa Vita na Amani, mwenye jina, mwenye mashamba, mwenye jarida linalomsubiri, anaketi mezani kusahihisha na mtu wa kutungwa anashika bastola. Angeweza kumnyang'anya. Angeweza kumtuliza. Angeweza kumrudisha kwenye njia aliyomchorea. Akamwandika jinsi alivyokwenda, kisha akatambua kuwa yanayofuata yasingesimama bila risasi ile.

Na kwa nini alijipiga? Kwa sababu uafisa wake wote ulimwandaa kutukanwa, kupigana, kufa mbele ya adui. Haukumwandaa kusamehewa na mtu aliyemdharau. Hilo lilikuwa limeshaandikwa katika sura za nyuma, neno kwa neno. Tolstoy alikuwa hajalisoma tu! Wewe je, umezisoma za kwako?

Utaniambia ziko kazi nyingine kwanza, utarudi mwakani. Arthur Conan Doyle naye alikuwa na kazi nyingine. Alimchoka Sherlock Holmes, akataka kuandika riwaya za historia, na Desemba 1893 akamtupa katika maporomoko ya Reichenbach, Uswisi. Basi, kwisha! Kwisha wapi? Mwaka 1901 akamwandikia kisa kilichotokea kabla ya kifo hicho, namna ya kutubu nusu. Mwaka 1903 akamrudisha mzima, akazidi kumwandika hadi 1927. Miaka 10 ya kukaidi, na mshindi akawa yule asiye na mwili.

Lakini hatari yenyewe aliionyesha Ebrahim Hussein, mwaka 1969, katika Kinjeketile, tamthilia yake ya Vita vya Maji Maji, na hakuna mwandishi wa Kiswahili anayeweza kusema hakuambiwa. Kinjeketile wake ndiye mtunzi mwenyewe! Anatoka mtoni na maji ya kuwakinga watu na risasi, anawapa neno, neno linawaunganisha makabila. Kisha anawaambia wasubiri. Hawasubiri! Neno limeshakua kuliko kinywa kilicholitoa, linakwenda vitani bila ruhusa yake, naye anakimbia nyuma yake akiliita. Mwisho Wajerumani wanamfunga na kumtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Ingawa anajua vizuri ni risasi ngapi zimewapata watu wake, anakataa, kwa sababu neno lile si lake peke yake tena.

Nawe wataka kumwita Zuhura arudi kwenye muhtasari?

Jihadhari lakini na nabii wa uongo! Wapo wasioandika miezi, na ukiwauliza wanasema mhusika amekataa. Mhusika hajakataa, wamelala wao. Kipimo ni kimoja: rudi nyuma, tafuta tendo alilolitenda linalomzuia leo. Ukilipata, tii. Usipolipata, ni uvivu, kaa uandike. Na mwandishi Nabokov, aliyetamka mwaka 1967 kwamba wahusika wake ni watumwa wa kupiga makasia? Haya, kama wewe ni Nabokov, acha kusoma hapa, nenda zako salama. Sisi wengine tubaki.

Tubaki tuogope! Maana adhabu ya kumlazimisha mhusika haina kelele. Hakuna atakayekukamata. Mhariri atasifu lugha, mchapishaji atatoa jalada zuri, msomaji atafika sura ya 11 na kuona mtu anakokotwa kama mbuzi wa mnada, kamba shingoni, miguu imekaza. Hatakuandikia barua ya hasira. Atakunja ukurasa, atakiweka kitabu juu ya kabati, hatakichukua tena.

Kumbuka kinyume chake. Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa uhamishoni, alitoa riwaya ya Matigari kwa Kigĩkũyũ. Mtu anatoka msituni, anazunguka nchi akiuliza wapi atapata ukweli na haki. Wasomaji wakamzungumza sokoni na vijijini kana kwamba wamepishana naye njiani, mpaka, kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, serikali ya Kenya ikaamuru akamatwe! Polisi wakamtafuta, wakagundua ni mtu wa kitabuni, na mwaka 1987 wakabeba vitabu madukani badala yake. Serikali nzima ikimsaka mtu asiye na kivuli! Hakuna muhtasari unaoweza kupanga jambo hilo. Ngũgĩ alimpa swali la kweli, akamwacha aulize mpaka mwisho.

Wako nani atamsaka? Amefungiwa ndani ya harusi asiyoitaka, ametabasamishwa, amevishwa mkufu. Na wewe umeketi nje ya mlango na ufunguo mfukoni, unasubiri msukumo, unasubiri likizo, unasubiri umeme urudi!

Mwache akatae! Mwache arudishe mkufu. Mwache aharibu harusi, aharibu sura ya 12, aharibu hata ule mwisho uliousimulia kwa majivuno kwa kila rafiki. Utapoteza kurasa 60? Zipoteze! Zilikuwa zimeshapotea siku ulipoziandika.

Mchapishaji anauliza tarehe? Mpigie simu sasa hivi, mwambie mswada unachelewa. Kisha fungua sura ya 11, pale mwanamume anapoweka kisanduku cha mkufu mezani. Futa kila kilichofuata. Mwulize Zuhura anafanya nini na kisanduku hicho, na jibu lake liandike leo, kabla hujala.